Uso wa Aseel

Azaiba, Maskati
Jumamosi, 9 Desemba 2006

Kwa dada yangu Kheiria,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua hii naiombea ikukute na uzima, wewe na Shemegi Yaarub na watoto wote, na miguu yako iwe imepunguza kuvimba. Sisi huku tuzima, alhamdulillahi. Nadra anakusalimu sana, na anasema bizari uliyomletea imekwisha tangu Ramadhani na ya dukani haimridhishi. Mvua hatujaiona, ila joto limekatika na watu wameanza kukaa nje baada ya Laasiri. Baba hajambo kwa hali yake. Bado anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hivi nnavyokuandikia yeye yumo ndani kwenye mashine na mimi nimekaa kwenye chumba cha kungojea, karatasi nimeiweka juu ya gazeti.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Bi Wadha anakuja Unguja keshokutwa kwa harusi ya mtoto wa nduguye, na amekubali kukuletea bahasha hii, kwa sababu ndani mna picha ambayo nnataka uishike mkononi. Hiyo ni sababu moja. Ya pili utaiona ukifika mbele. Nakuomba tu usome mpaka mwisho kabla hujaamua lolote juu yangu.

Yalianza baada ya Idi. Baba alirudi msikitini Ijumaa moja na uso umembadilika. Mzee mmoja aliyekaa naye safu moja alimwambia kuwa amemuona Aseel, binti wa mdogo wetu Anas, huko Mabela, akipanda farasi, na kwamba mtoto yule ni marehemu Bi Mahbuba mtupu, kama Mama amerudi akiwa mdogo. Wewe unajua kwamba jina la Anas halitajwi nyumbani kwetu tangu maziko ya Mama, miaka mitano sasa. Lakini tulipokaa kula akaniuliza, bila ya kunitizama, kama ile kamera yangu inaweza kumpiga mtu picha kutoka mbali. Nikamwambia inategemea ni mbali kiasi gani.

Akasema, "Mbali ya mtu kutokuonekana."

Nikamuuliza kwa nini asiende kumuona mtoto, maana Mabela si safari, ni dakika ishirini kwa gari. Akanambia hana la kwenda kufanya kwa Anas. Lakini mtoto hana kosa, na yeye anataka kuuona uso wake mara moja kabla hajaondoka duniani. Nipige picha, nimletee, na babaake asijue. Kisha akaendelea kula wali wake kama mtu aliyeomba apewe chumvi.

Kamera yangu umeshaisikia, maana Nadra alikwambia kwenye simu kuwa nimeoa mke wa pili. Ni ya dijitali, haitumii filamu. Ndani mna kisahani kinachopokea mwanga, na kisahani hicho ni kidogo kuliko filamu tuliyoizowea. Huo udogo wake una faida yake: kinakata pembeni, kwa hiyo kitu cha mbali huonekana kimekaribia zaidi. Lenzi yangu ni ya zumu, inavuta mpaka milimita mia tatu, na kwa ajili ya udogo wa kisahani inakuwa kama inavuta mia nne na nusu. Kwa ndege wa ufukweni hapa Azaiba inanitosha. Kwa kazi ya Baba niliona haitoshi.

Nikenda Ruwi kwa kijana mmoja wa Kikenya, Japheth, mtu wa Nakuru, anauza kwenye duka la kamera na hana tabia ya kumbandika mtu kitu asichokihitaji. Nikamwambia nataka kumpiga picha mtoto wa ndugu yangu akiwa juu ya farasi, mita mia mbili hivi. Akanionyesha kipande kifupi, kimo chake kama kikombe cha kahawa, kinaingia baina ya kamera na lenzi na kuongeza mvuto mara mbili. Wenyewe wanakiita telekonvata. Nikafurahi sana. Japheth akakirudisha mkononi mwake kwanza.

"Boss, nikuambie ukweli," akanambia. "Hii kitu inakuza, lakini inakula mwanga. Hiyo zumu yako ikifika mwisho tayari iko na mwanga kidogo. Ukiweka hii, unabaki na robo yake. Na fokasi haitajishika yenyewe, utazungusha na mkono."

Nikamwambia Maskati jua halijawahi kutupungukia. Akacheka, akanipa nikijaribu wiki moja.

Alkhamisi nikenda Mabela. Zizi lenyewe liko pale nyumba mpya zinapomalizika: uwanja wa changarawe uliozungushiwa ua wa mbao, mabanda ya farasi nyuma, na upande wa juu nyumba moja isiyokwisha. Nikaegesha gari nyuma ya nyumba hiyo, nikasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikatizama. Da Kheiria, kwenye kile kitundu cha kutizamia mlikuwa kiza kama kwamba nachungulia ndani ya mtungi. Lenzi ikawa inakwenda mbele na kurudi nyuma, inanguruma, haipati pa kusimama. Nikaizuia, nikaanza kuizungusha kwa mkono, na kila nikimpata farasi keshapita. Nilibonyeza mara themanini na kitu. Nilipofika nyumbani nikazitia kwenye kompyuta, nikachapisha moja iliyokuwa afadhali, nikampelekea Baba. Akaitizama kwa miwani, kisha bila ya miwani.

"Huyu ni farasi au ni ngamia?" akaniuliza.

Nadra akaondoka kwenda kuchekea jikoni. Baba hakucheka. Alinirudishia picha kwa adabu, kama unavyomrudishia mgeni zawadi iliyokosea nyumba, na mimi ndipo nilipoona kuwa jambo hili kwake halikuwa hamu ya siku moja.

Nikarudi kwa Japheth. Akanipa kipande kingine, kifupi zaidi, kisichokuza mara mbili bali mara moja na nusu kasoro. Hicho kinakuachia nusu ya mwanga badala ya robo. Akanifundisha nisiivute zumu mpaka mwisho, nirudi nyuma kidogo pahala ambapo lenzi ina makali zaidi. Nipandishe ukali wa kisahani hata kama picha itafanya chengachenga. Na niwahi, nifike saa tisa mara tu mafunzo yanapoanza, nisingoje jua lielemee. Nikafanya yote hayo Alkhamisi ya pili, na safari hii nikapata picha tatu za kweli. Unamuona farasi, mwekundu wa kahawia, unaona manyoya ya shingo, unaona vumbi miguuni mwake. Na juu yake mtoto amekaa wima kama kachorwa kwa rula. Lakini amevaa ile kofia ngumu ya wapanda farasi, na uso wenyewe ni mkubwa kama punje ya mchele. Nilipoukuza kwenye kompyuta ukavunjika ukawa visanduku visanduku.

Baba aliishika picha ile muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya mgongo wa mtoto. Akasema anakaa vizuri. Kisha akanambia kwa upole, "Uso, Amur. Mimi nilikwambia uso." Na picha akaitia chini ya mto wake, na Jumatatu alipokwenda kwenye mashine akaichukua, akawaonyesha wauguzi mgongo wa mjukuu wake.

Mara ya tatu nilipofika dukani, Japheth alizitizama picha moja moja. Akasema kwa lenzi hii na kamera hii nimefika mwisho, na kwamba hata lenzi kubwa za watu wa magazeti haziwezi kuondoa vumbi na joto lililo baina yangu na mtoto. Halafu akaniuliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa.

"Kwani huyo msichana si ni mtoto wa ndugu yako? Ni nini inakuzuia kuenda karibu?"

Nilimwambia ni khabari ndefu. Akasema sawa. Nikamrudishia vipande vyake vyote viwili, nikaondoka, na njia nzima mpaka Azaiba swali lake nilikuwa nalo ndani ya gari.

Alkhamisi ya tatu sikuegesha nyuma ya nyumba. Niliteremka mpaka kwenye ua, nikaegemea mbao, lenzi ikiwa peke yake bila ya nyongeza, na ikamshika mtoto papo hapo bila ya mimi kuzungusha kitu. Alipokuwa anapita mara ya pili akamvuta farasi, akanitizama.

"Ami Amur?" akasema.

Nikamuuliza amenijuaje, maana mara ya mwisho alikuwa na miaka saba. Akanambia mimi nimo kwenye picha za harusi ya babaake, nimebeba sinia. Kisha akageuka na kuita, na kutoka bandani akaja Anas, na ndoo mkononi, amefunga kikoi na fulana imejaa majani makavu. Amepata mvi, dada. Aliacha kazi ya kambi ya mafuta miaka mitatu iliyopita na sasa anasimamia zizi hilo pamoja na mwenzake. Dakika ishirini kutoka kwetu, na mimi sikuyajua hata hayo.

Hakuniamkia wala hakunifukuza. Akaitizama kamera, akauliza nani anataka picha. Nikamwambia Baba. Akaipeleka ndoo mkono huu, akairudisha mkono ule. Nilidhani atasema niondoke. Badala yake akamwambia mtoto avue kofia, ajipanguse vumbi, amgeuze farasi jua limpige kwa ubavuni. Akasema, "Mpige vizuri. Babu yake haoni sawasawa." Nikapiga. Mwanga ulikuwa mwingi na picha haikuharibika. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye bahasha.

Mtoto alipokwenda zake, Anas akaniuliza Baba ana nini hasa. Nikamwambia khabari ya figo, nikamwambia ya mashine, na kwamba anasafishwa damu tangu mwezi wa tatu. Akaiweka ndoo chini.

"Tangu mwezi wa tatu," akasema. "Na mimi sikuambiwa. Hii ni mara ya pili, Amur."

Da Kheiria, hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mstari wa kwanza. Mwaka ule wa 2001, Mama alipokata roho asubuhi hospitali, Baba alinituma nimpigie Anas. Simu za mkononi zilikuwa hazifiki jangwani, palikuwa na nambari moja tu ya ofisi ya kambi yao ya mafuta. Nikatoka ukumbini, nikapiga. Akapokea karani nisiyemjua, akasema na'am, maktab, yaani hapa ni ofisi. Maneno hayakutoka. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote bado kuwa Mama amekufa, na sikuweza kuanza kwa mtu wa kupokea simu. Nikakata. Nikasema n'tapiga tena baada ya dakika kumi nikishapata pumzi. Kisha wakaja watu, zikaja karatasi za kutia saini, ikaja khabari ya sanda na ya kuoshwa, na dakika kumi zikawa saa tatu.

Baada ya Adhuhuri Baba akaniuliza Anas kasemaje. Akanambia, na maneno haya nayasikia mpaka leo, "Kama anakuja tutamngoja. Hata mpaka kesho asubuhi tutamngoja." Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema sijampata. Maneno mawili tu. Nikaona haya kwamba saa tatu zimepita na jambo moja nililotumwa sijalifanya. Nikamjibu Baba kuwa nimezungumza na Anas, na yeye amesema tusimngoje.

Anas hakulisema neno hilo. Nimelisema mimi. Mama akazikwa baada ya Laasiri.

Yaliyofuata unayajua, ila uliyajua kwa upande nilioutaka mimi. Anas alipata khabari kesho yake kwa mtu wa kambini aliyesoma tangazo la msiba gazetini, akaendesha gari siku nzima, akaingia matangani na vumbi lake. Baba akamuuliza mbele ya watu kilichomleta ni nini na alisema asingojwe. Anas akasema hakuambiwa. Baba akanigeukia mimi. Nikasema nilimwambia. Watu wote wa matanga wakanisikia, na mdogo wangu akanitizama, na mimi nikatizama busati. Baba akamwita mwongo, akamwambia aondoke, mtu wa kuyakosa maziko ya mamaake kisha akaja kumsingizia nduguye.

Wewe ulifika siku ya nne. Ulinivuta jikoni, ukanishika mkono, ukaniuliza kama kweli nilimpigia. Nikakuapia. Kwa kiapo changu ukampigia Anas simu ukamwambia asikutafute mpaka amuombe Baba radhi. Mara ngapi nilitaka kukwambia, nikishika simu nikisikia sauti yako inavyofurahi, nnageuza maneno nnauliza watoto. Ndiyo sababu ya pili ya barua hii. Kwenye simu nimeshaongopa, na najijua n'tatafuta njia ya kupita. Kwenye karatasi nikishaandika siwezi kugeuza.

Pale uani nilimwambia Anas yote, nikiwa nimeshikilia ubao. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaiokota ndoo, akenda bombani, akaijaza maji ikafurika, na yeye amesimama tu anaitizama ikifurika. Akafunga bomba, akampelekea farasi maji, akarudi.

"Baba anajua?" akaniuliza.

Nikamwambia hajui.

"Basi mwambie wewe. Mimi sitomwambia." Alipokuwa anaondoka akasimama, akasema bila ya kugeuka, "Miaka mitano nilikuwa nadhani Baba ndiye hakutaka kuningoja."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Tulipotoka kusali na kula, nikamfuata Baba chumbani kwake na picha mkononi. Nilijua nikimpa kwanza sitosema, kwa hiyo nikaanza kusema. Alikuwa amekaa kitandani, miguu chini. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye neno lile la kutomngoja alifumba macho, na sikumuona akiyafumbua mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo angelikuja," akasema.

Nikamwambia angelikuja.

"Na mimi ningelimngoja."

Nikamwambia ndiyo, Baba. Akanambia niiweke picha mezani na nitoke. Nikaiweka, nikatoka.

Siku sita hakusema na mimi. Nilimpeleka hospitali na kumrudisha, nikamfunga mkanda wa gari, nikamshika mkono kwenye ngazi, na yeye anatizama nje. Akitaka kitu anamwambia Nadra. Picha ilikaa palepale nilipoiweka. Nadra alikuwa akifuta vumbi la meza anaizunguka. Kwenye kompyuta mimi mwenyewe sikuweza kuifungua. Nilifikiri labda nimemuua mzee wangu kwa ukweli, baada ya kumuudhi kwa uongo, na nikawa namsikiliza anavyopumua kila nipitapo mlangoni.

Alkhamisi baada ya chakula akatoka chumbani amevaa kanzu yake nyeupe na kilemba, amejitia udi. Akamwambia Nadra, "Mwambie dereva tunakwenda Mabela." Dereva nilikuwa nimekaa mbele yake. Nikachukua funguo.

Tulipofika hakuweza kuteremka, miguu ilikuwa imechoka kwa mashine ya jana yake. Akafungua dirisha, akangoja. Anas alitoka bandani, akaliona gari, akasimama. Kisha akaja mbiombio kama alivyokuwa akija kutoka skuli, mtu mzima wa miaka arubaini. Baba akatoa mkono dirishani. Anas akaubusu, akambusu kichwani, akabaki ameinama pale na kichwa chake ndani ya gari.

Baba akamwambia, "Ulisema kweli, na mimi nikakwita mwongo mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu."

Anas akasema hapana la kusamehe. Baba akasema lipo, na alitaje. Basi Anas akasema amemsamehe. Mimi nilikuwa nyuma ya usukani, nimeshika gia, sijui pa kuyapeleka macho yangu.

Kisha Baba akauliza mtoto yuko wapi. Aseel akaletwa, akamleta na farasi wake, farasi akatia pua dirishani na Baba akamsukuma taratibu, akamwambia wewe ngoja, kwanza mwenyewe. Mtoto akavua kofia. Baba akauchukua uso ule kwa mikono miwili, akautizama kwa karibu kabisa, kama anavyosoma karatasi za daktari. Akapitisha kidole kwenye nyusi. Akashika kidevu, akakigeuza huku na huku. Tukawa sote tunangoja atamke jina la Mama.

"Aliyenambia huyu ni Mahbuba hakumtizama," akasema. "Huyu ni Kheiria. Huyu ni Kheiria wangu siku anaanza skuli, amekasirika kwa sababu nimemfunga viatu vibaya."

Ndiyo alivyosema, dada. Anas akacheka na machozi yanamtoka, maana kumbe yeye siku zote alikuwa akiliona, na hakuwa na wa kumwambia. Na mimi nikaangalia, na kweli ni wewe: paji hilo, na hiyo namna ya kumtizama mtu kama kwamba unamsubiri aseme kweli. Toa picha kwenye bahasha uitizame mwenyewe. Wewe humjui mtoto huyu alivyo sasa, na ana uso wako, na kwa sababu yangu miaka mitano imepita hujaisikia sauti yake.

Sikukuandikia ili unisamehe upesi. Nilichokifanya ni kikubwa, na kila nikikiandika nakiona kimezidi. Nilimnyima mdogo wangu kumzika mamaake, nikamnyima Baba mwanawe, nikakutia wewe maneno mdomoni ukampiga nayo mtu asiye na kosa. Ukitaka kuninyamazia kama Baba alivyoninyamazia, n'taelewa. Anas mwenyewe hajanambia amenisamehe, na sijamuuliza. Jumatano alikuja hospitali, akakaa na Baba mpaka mashine ikamaliza, na mimi nikakaa huku nje. Alipotoka akanambia, "Mimi n'tachukua Jumatano. Wewe baki na Jumamosi na Jumatatu." Hayo tu. Nimeyapokea kwa mikono miwili.

Leo asubuhi, muuguzi alipokuwa anamfunga Baba mirija, nilisimama mlangoni kama kawaida yangu ya siku hizi, nangoja kufungiwa mlango. Baba akageuza kichwa juu ya mto. Akaniuliza, "Amur, umekula?" Ni mara ya kwanza kulitaja jina langu tangu ile Ijumaa. Nikamwambia nimekula, Baba. Nikatoka haraka nikaja kukaa hapa, nikaomba karatasi kwa mtu wa mapokezi.

Nambari ya Anas nimeiandika nyuma ya picha. Ukimpigia, usianze na mimi, wala usianze na msiba. Muulize khabari za mtoto, akuitie, usikie anavyosema. Anasema kwa pua kidogo, kama wewe ukiwa na mafua. Na Baba anauliza kama utaweza kuja kabla ya Idi Kubwa. Hakusema kwa nini iwe kabla. Sote tunajua.

Nisalimie Shemegi Yaarub, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Nadra anasema ukija usisahau bizari. Mlango wa chumba cha mashine umefunguliwa na muuguzi ananiita nikamshike Baba mkono, kwa hiyo naikunja barua hapa. Mungu akuweke, dada, na akujaalie moyo mkunjufu hata baada ya kuyasoma haya.

Mdogo wako aliyekukosea,
Amur bin Saeed